Ubora Usioishia Darasani: Kulinda Mafunzo ya Wahudumu Wanaotembelea Familia Majumbani

Kata ya Msasani ni sehemu ya mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya. Mji huo uko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na baridi ya Juni na Julai huingia hadi vyumbani. Kwa mtu mzima baridi hiyo ni adha. Kwa mtoto wa siku mbili, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito chini ya kilo 2.5, baridi hiyo huweza kukatisha uhai. Wakati huohuo, mama aliyejifungua salama huruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Siku za kwanza, ambazo ndizo zenye hatari kubwa kuliko nyingine zote katika maisha ya mwanadamu, hupita nyumbani, mbali na macho ya mkunga.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa kuwaandaa wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Mafunzo yao huchukua miezi sita, sehemu darasani na sehemu kwa vitendo. Hatua hiyo ni kubwa, lakini inaleta swali ambalo kila anayefundisha, anayesimamia au anayepokea huduma hiyo anapaswa kulijua: je, yale aliyofundishwa mhudumu yatafika mlangoni kwa mama yakiwa kamili? Makala haya yanaeleza kwa nini ubora wa mafunzo hupungua baada ya darasa, na ni mambo gani huuzuia usipungue.

Ziara yenye ushahidi ni ipi

Kumtembelea mzazi kwa salamu na nasaha ni jambo jema, lakini ziara ya namna hiyo peke yake si huduma yenye ushahidi. Huduma huitwa hivyo pale ambapo vipengele vyake vimejaribiwa na kuonekana kuleta matokeo: ziara hufanyika siku gani, mhudumu hukagua nini, hufundisha nini, na humpa mzazi nafasi gani ya kujaribu mwenyewe.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalitoa tamko la pamoja kuhusu ziara za nyumbani kwa mtoto mchanga. Kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani, ziara ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24, ya pili siku ya tatu, na ikiwezekana ya tatu kabla ya siku ya saba kumalizika. Kwa aliyezaliwa kituoni, ziara ya kwanza hufanywa mapema iwezekanavyo baada ya kurudi nyumbani. Katika kila ziara mhudumu huangalia unyonyeshaji, humsaidia mama kumtunza mtoto katika joto kwa kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, hukagua kitovu na hutafuta dalili za hatari.

Ipo pia aina nyingine ya ziara, inayohusu malezi na makuzi. Mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1986 ulianza utafiti wa watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa kwa saa moja kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa jamii, ambao walimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa kutumia vichezeo vya kutengenezwa nyumbani. Watoto hao walipofuatiliwa tena wakiwa na umri wa miaka 22 hivi, kipato chao kilikuwa juu kwa takriban asilimia 25 kuliko cha wenzao waliodumaa ambao hawakupata ziara hizo. Fikra ya aina hiyo ndiyo iliyomo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa nchini Tanzania Desemba 2021.

Jina lilelile, matokeo tofauti

Ushahidi wa ziara za nyumbani haufanani kila mahali, na tofauti hizo zina mafunzo makubwa. Huko Gadchiroli, nchini India, madaktari Abhay Bang na Rani Bang waliwafundisha wanawake wa vijijini kuwatunza watoto wachanga majumbani katika vijiji 39. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba katika mwaka wa tatu vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa asilimia 62 vikilinganishwa na vijiji vya jirani. Eneo lilikuwa dogo, na wanawake hao walisimamiwa kwa karibu sana.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, utafiti uliojulikana kama INSIST, ulioendeshwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara na washirika wake, uliwatumia wanawake wa kujitolea kufanya ziara tatu wakati wa ujauzito na mbili baada ya kujifungua. Wanawake hao walitumia picha, mwanasesere wa kufanyia mazoezi, na kadi yenye mchoro wa unyayo wa kumtambua mtoto mdogo kupita kiasi. Mwenendo wa familia katika kumtunza mtoto uliboreka, hasa unyonyeshaji wa siku za kwanza. Hata hivyo matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba vifo vilipungua. Wanawake wengi wa mikoa hiyo walikuwa tayari wanajifungulia vituoni, kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu ilikuwa ndani ya vituo vyenyewe.

Somo la Lindi na Mtwara si kwamba ziara hazina maana. Ziara ni kiungo katika mnyororo. Mhudumu akitambua dalili ya hatari halafu mtoto afike kwenye zahanati isiyo na dawa wala mtu wa zamu, kazi nzuri ya nyumbani hupotea. Vivyo hivyo, kituo kikiwa imara lakini mhudumu ameshindwa kuitambua dalili, mtoto hafiki kabisa au hufika akiwa amechelewa. Anayepanga mafunzo ya wahudumu hana budi kuzitazama pande zote mbili.

Ubora huvujia wapi

Mahali pa kwanza ni mafunzo ya ngazi kwa ngazi. Wataalamu wa taifa huwafundisha wa mkoa, wa mkoa huwafundisha wa wilaya, na wa wilaya huwafundisha wahudumu. Njia hii huwafikia watu wengi kwa gharama ndogo, lakini kila ngazi huacha kitu nyuma. Ichukuliwe hesabu ya mfano tu: iwapo kila ngazi inafikisha asilimia 80 ya ilichopokea, baada ya makabidhiano matatu hubaki asilimia 51. Mhudumu wa mwisho anapata nusu, naye anaamini amepata yote. Mara nyingi kinachoachwa njiani ni mazoezi kwa vitendo, kwa kuwa huchukua muda mrefu kuliko mhadhara.

Mahali pa pili ni kusahau. Mfano ulio wazi unatoka katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wa wodi ya uzazi walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwanasesere, lakini kazi yao halisi kwa watoto waliozaliwa haikuwa imebadilika. Hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi ya dakika chache, yanayorudiwa mara kwa mara papo hapo kazini. Baada ya hapo vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Haydom ni hospitali, lakini kanuni yake humhusu mhudumu wa kijijini hata zaidi, maana yeye hufanya kazi peke yake na hukutana na mtoto mgonjwa mara chache.

Mahali pa tatu ni njia za mkato, ambazo huingia polepole bila mtu kukusudia uzembe. Kuhesabu pumzi za mtoto ni kielelezo kizuri. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika huhesabiwa kuwa anapumua kwa kasi. Akifikia kiwango hicho, hesabu hurudiwa ili kuthibitisha. Mwongozo unataka hesabu ya dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia, kwa kuwa upumuaji wa mtoto mchanga hauna mwendo sawa: huenda haraka, hupumzika, kisha huendelea. Mhudumu mwenye haraka huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Akihesabu pumzi 14 hupata 56, na mtoto huonekana mzima. Akihesabu 15 hupata 60, na mtoto huhitaji rufaa. Uamuzi mzito umebadilika kwa pumzi moja. Mhudumu hakudanganya wala hakukosa elimu. Alipunguza sekunde 45 tu.

Mahali pa nne ni mzigo wa kazi na malipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu wa jamii unahimiza walipwe kulingana na kazi wanayofanya, wathibitishwe kwa umahiri na wasimamiwe. Mwongozo huohuo haupendekezi malipo yategemee utendaji peke yake. Sababu yake inaeleweka: anayelipwa kwa idadi ya ziara hujifunza kuongeza idadi, na daftari hujaa huku dakika za kukaa na mama zikipungua.

Kisichobadilishwa na kinachobadilika

Kulinda ubora si kumfanya mhudumu asome maneno ya kitabu kama kasuku. Kila mwongozo una kiini na una mavazi. Kiini hakiguswi: siku za ziara, dakika nzima ya kuhesabu pumzi, orodha ya dalili za hatari, mama kufanya mwenyewe badala ya kuambiwa tu, na rufaa ya haraka. Mavazi hufuata mahali.

Katika Msasani na kata za jirani mavazi hayo ni mengi. Lugha ya nyumbani kwa familia nyingi ni Kinyakyusa, na bibi anayemsaidia mzazi huenda akaelewa neno la hatari vizuri zaidi likisemwa kwa lugha hiyo. Kwa sababu hiyo inafaa wahudumu wakubaliane darasani namna moja ya kulitaja kila neno muhimu kwa Kinyakyusa, ili tafsiri isiachwe kwa kila mmoja na maana zisitawanyike. Ipo pia desturi ya heshima kati ya mke na baba mkwe, ambayo mtaalamu wa mila Monica Wilson aliieleza kwa kina baada ya kuishi miongoni mwa Wanyakyusa miaka ya 1930: mkwe humwepuka baba mkwe wake. Pale desturi hiyo inapoheshimiwa, mhudumu hawezi kumwomba mama afungue kifua na kumweka mtoto ngozi kwa ngozi huku mkwe ameketi sebuleni. Mhudumu aliyeandaliwa vyema huuliza kwanza ni wapi panafaa kuzungumzia. Mazoezi ya kuigiza darasani yanapaswa kuwa na mambo kama haya, badala ya nyumba ya kufikirika ambamo mama yuko peke yake.

Hali ya hewa pia huamua uzito wa somo. Tukuyu inahitaji mazoezi ya kutosha: kumkausha mtoto, kuahirisha kumwogesha kwa saa 24, kumvisha kofia, na kumfunga kifuani pa mama, au pa baba mama anapopumzika. Mkaa wa moto ndani ya chumba kilichofungwa haumfai mtoto wala mama, kwa kuwa moshi na hewa yake ni sumu.

Hatua za kulinda ubora

Hatua ya kwanza ni kupima umahiri badala ya mahudhurio. Cheti kitolewe baada ya mhudumu kuonekana akifanya: amehesabu pumzi sawasawa kwa watoto kadhaa, ametumia kipimajoto, amemsaidia mama kumweka mtoto titini. Anayeshindwa arudie bila aibu, kama mwanafunzi wa udereva anavyorudia.

Hatua ya pili ni kuwaandaa wawezeshaji wenyewe. Anayefundisha kuhesabu pumzi awe amehesabu mwaka huu, kwa mtoto halisi. Mtaalamu wa ngazi ya juu akihudhuria darasa la ngazi ya chini mara moja moja, huona kilichoachwa njiani kabla hakijafika vitongojini.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote, ni usimamizi mlangoni kwa mama. Muuguzi wa zahanati anayekagua daftari ofisini huona mwandiko. Anayefuatana na mhudumu huona kazi. Njia moja rahisi ni wote wawili kuhesabu pumzi za mtoto yuleyule kimya kimya, kila mmoja akaandika namba yake, kisha wakalinganisha. Tofauti ikiwa kubwa, hurudia pamoja. Njia nyingine ni msimamizi kurudi peke yake kwa familia chache zilizokwisha kutembelewa na kumwomba mama aonyeshe alichojifunza. Jibu la mama ndilo kipimo cha kweli cha ziara.

Hatua ya nne ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara, kwa mfano wa Haydom. Mkutano wa kila mwezi kwenye zahanati ukitenga dakika 10 za mazoezi ya jambo moja, leo pumzi, mwezi ujao unyonyeshaji, baada ya mwaka mada zote zitakuwa zimerudiwa bila semina ya gharama.

Hatua ya tano ni kusoma takwimu kwa jicho la kuuliza. Daftari ambamo watoto wote wana pumzi 48 na joto la 36.8 ni dalili ya kukisia, maana watoto hawalingani hivyo. Msimamizi asikimbilie kuadhibu. Huenda kipimajoto kimekufa betri, au mhudumu ana nyumba nyingi kuliko miguu yake inavyoweza kufikia wakati wa mvua. Mahali ambapo kosa huleta adhabu, makosa hufichwa. Hapo mtoto ndiye hulipa.

Hatua ya sita ni kurudisha habari. Mtoto aliyepewa rufaa kwenda kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya iliyoko Makandana akitibiwa, mhudumu aliyemtuma aambiwe mtoto alikutwa na nini. Bila habari hizo hawezi kujua kama jicho lake linaona sawasawa, na taratibu huacha kuliamini.

Familia nayo ni mlinzi wa ubora

Mzazi anaweza kuutambua ubora wa ziara hata bila elimu ya udaktari. Mhudumu aliyeandaliwa vyema hujitambulisha na kuomba ruhusa ya kuingia. Hunawa mikono kabla ya kumgusa mtoto. Humfunua na kumtazama mtoto mwili mzima, kisha humfunika upesi. Huhesabu pumzi kwa saa au kifaa kwa dakika nzima, bila kuzungumza. Humwangalia mama akinyonyesha kabla ya kutoa ushauri. Humwomba mama arudie kwa maneno yake mwenyewe dalili za hatari, na husema atarudi lini. Hatangazi nje mambo ya nyumba ya mtu, wala hauzi dawa. Lisipofanyika jambo lolote kati ya hayo, mama au baba ana haki ya kuuliza kwa upole: "Mbona leo hujamhesabia mtoto pumzi?" Swali hilo si utovu wa adabu, humsaidia mhudumu kurudi kwenye mwongozo.

Familia isisubiri ziara pale mtoto mchanga anapoonyesha mojawapo ya dalili zifuatazo: ameshindwa kunyonya, amepata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea ndani sana anapovuta pumzi, hajongei isipokuwa anapoguswa, joto lake limefika 37.5 au zaidi, au limeshuka chini ya 35.5; amekuwa wa manjano katika siku ya kwanza, au viganja na nyayo zake ni za njano katika siku yoyote. Mtoto huyo apelekwe kituoni mara moja, usiku au mchana, akiwa amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi na akiendelea kunyonya iwapo anaweza. Mhudumu ataarifiwa njiani au baadaye.

Hitimisho

Nchi inapowaandaa wahudumu kwa makumi ya maelfu, jicho huvutwa na idadi: wangapi wamehitimu, wangapi wamepewa mabegi na vifaa. Idadi hiyo ni ya lazima, maana kitongoji kisicho na mhudumu hakina ziara ya kuboresha. Lakini bajeti inayomaliza fedha zote siku ya mahafali, bila kubakiza nauli ya msimamizi wala betri ya kipimajoto, imelipia nusu ya kazi. Kwa wilaya yenye milima, mvua na njia za utelezi kama Rungwe, nauli hiyo na siku hiyo moja ya msimamizi katika mwezi zinapaswa kuandikwa katika mpango wa zahanati mapema, pamoja na dawa na chanjo, kwa sababu nazo ni sehemu ya tiba.